Kata 47 au 25: Uchaguzi wa Toronto wa 2018 na mipaka iliyohamishwa kampeni zikiendelea

Dirisha la kurudisha fomu za kugombea udiwani jijini Toronto lilikuwa lifungwe saa nane mchana, Ijumaa ya tarehe 27 Julai 2018. Wagombea walikuwa katika kampeni tangu tarehe 1 Mei: wamechapisha vipeperushi vyenye namba ya kata, wamechangisha fedha, na wamepiga hodi nyumba kwa nyumba katika mitaa waliyoamini kuwa ndiyo kata yao. Asubuhi ya Ijumaa hiyohiyo, Waziri Kiongozi wa Ontario, Doug Ford, aliyekuwa hajatimiza hata mwezi mmoja tangu aapishwe, alisimama mbele ya waandishi wa habari na kutangaza kwamba baraza la jiji litakalochaguliwa tarehe 22 Oktoba litakuwa na madiwani 25 badala ya 47. Wagombea walirudisha fomu zao hivyohivyo kwa kata 47, kwa kuwa hapakuwa bado na sheria nyingine ya kufuata.

Kisa hiki kimezoeleka kusimuliwa kama ugomvi wa mtu mmoja na jiji lililomlea, au kama mjadala wa hesabu, kwamba madiwani 47 ni wengi mno au 25 ni wachache mno. Nionavyo mimi, hesabu ndiyo sehemu nyepesi. Jiji laweza kuendeshwa vizuri na madiwani 25, na laweza kuendeshwa vibaya na madiwani 47. Jambo zito ni wakati ambao mabadiliko yalifanywa na msingi wa kisheria ulioyaruhusu, kwa maana hapo ndipo ilipodhihirika kwamba kura ya kumchagua diwani au mdhamini wa shule, yaani mjumbe wa bodi ya elimu, nchini Kanada haikingwi na katiba kama inavyokingwa kura ya kumchagua mbunge. Na katika kelele zote za madiwani, wadhamini wa shule, ambao majina yao yamo katika karatasi ileile ya kura, karibu wasahaulike kabisa.

Neno "jimbo" lisimchanganye msomaji aliyezoea siasa za Tanzania. Ontario ni jimbo kwa maana ya sehemu ya shirikisho yenye serikali na bunge lake; maeneo yanayochagua wabunge nitayaita majimbo ya uchaguzi.

Idadi ya 47 haikuokotwa njiani. Tangu uchaguzi wa 2000 Toronto ilikuwa na kata 44, na kwa muda huo katikati ya jiji paliota minara ya makazi kiasi kwamba diwani mmoja wa huko alijikuta akiwakilisha watu wengi kuliko mwenzake wa pembezoni. Mapitio ya mipaka yalianza 2013 chini ya washauri wa kujitegemea, wananchi wakaitwa mikutanoni, na miongoni mwa mapendekezo yaliyopimwa likawemo hilihili la kufuata majimbo ya uchaguzi 25 yaliyotumika wakati huo kuchagua wabunge wa shirikisho na wa Ontario. Lilikataliwa. Novemba 2016 baraza liliridhia kata 47, kila moja ikikadiriwa kuwa na wakazi wapatao 61,000. Waliopinga walikata rufaa kwenye bodi ya jimbo iliyoshughulikia migogoro ya aina hiyo, wakashindwa Desemba 2017. Kwa hiyo wagombea wa Mei 2018 walikuwa wakisimama juu ya mipaka iliyochunguzwa kwa miaka kadhaa na kupita katika kila chujio lililowekwa na sheria.

Muswada wa kuibadili, uliopewa namba 5, uliingia bungeni tarehe 30 Julai na kuwa sheria tarehe 14 Agosti, siku 69 kabla ya kupiga kura. Uliziweka kata 25 zilizolingana na majimbo ya uchaguzi ya wabunge ya wakati huo, ukaongeza muda wa kurudisha fomu hadi tarehe 14 Septemba, na njiani ukafuta uchaguzi wa moja kwa moja wa wenyeviti wa mabaraza ya mikoa ya Peel, York, Niagara na Muskoka. Hilo la mwisho lilimkuta Patrick Brown, aliyemtangulia Ford katika uongozi wa chama chao, akigombea uenyekiti wa Peel. Kiti kilipofutika aligeukia umeya wa Brampton, akashinda. Wapo walioona kuwa hiyo ilikuwa shabaha na wapo walioona kuwa ni bahati tu. Mimi naiacha hapo, kwa sababu nia ya mtunga sheria haikuwa sehemu ya yale ambayo mahakama ziliamua.

Sababu zilizotolewa na serikali zilikuwa mbili: kuokoa takriban dola milioni 25 katika miaka minne, na kulikomboa baraza kutoka katika kile ilichokiita kukwama na kulumbana bila kuamua. Hoja ya pili haikuwa ya uongo mtupu. Mtu yeyote aliyewahi kufuatilia vikao vya baraza la Toronto juu ya reli na mabasi anajua jinsi jambo lililopitishwa mwaka huu linavyoweza kufufuliwa na kuzikwa upya mwaka ujao. Lakini suala hili halikuwemo katika ahadi ambazo chama cha Ford kilizinadi katika uchaguzi wa tarehe 7 Juni, na Ford mwenyewe hakuwa mgeni wa baraza hilo. Alikuwa diwani kuanzia 2010 hadi 2014, wakati ndugu yake Rob akiwa meya, na alikuwepo Novemba 2013 baraza lilipompokonya Rob sehemu kubwa ya mamlaka yake. Mwaka 2014 aligombea umeya akashindwa na John Tory.

Wala haikuwa mara ya kwanza kwa Toronto kuchorwa upya kutoka juu. Tarehe 1 Januari 1998 miji sita na serikali ya eneo zima la Metro viliunganishwa kuwa jiji moja kwa amri ya jimbo, licha ya kura za maoni za Machi 1997 ambazo takriban robo tatu ya waliopiga walisema hapana. Baraza la kwanza la jiji hilo jipya lilikuwa na madiwani 57, na kabla ya uchaguzi wa pili jimbo likawapunguza kuwa 44. Tofauti ya 2018 ni kwamba safari hii kisu kilishuka kampeni ikiwa katikati.

Sasa tuje kwa wadhamini wa shule. Mpiga kura wa Toronto hupewa karatasi yenye mashindano matatu: meya, diwani, na mdhamini wa bodi ya elimu. Ontario ina mifumo minne ya shule zinazogharimiwa na umma, yaani ya Kiingereza isiyo ya dini, ya Kiingereza ya Kikatoliki, ya Kifaransa isiyo ya dini na ya Kifaransa ya Kikatoliki, na mpiga kura huchagua mdhamini wa mfumo mmoja tu kati ya hiyo, kulingana na alivyoandikishwa. Asiyejiandikisha kwingine huhesabiwa katika mfumo wa Kiingereza usio wa dini. Bodi ya mfumo huo jijini ina wadhamini 22 na shule zinazokaribia 600. Ya Kikatoliki ya Kiingereza ina wadhamini 12. Kazi yao ni kupitisha bajeti ya bodi, kumwajiri mkurugenzi wake wa elimu, kuweka sera na kuamua mambo ambayo mzazi huyaona kwa macho, kama vile shule ipi ifungwe na programu ipi ianzishwe. Hata hivyo, tangu mageuzi ya 1997 hawana tena mamlaka ya kutoza kodi. Fedha hutoka kwa jimbo kwa kanuni za jimbo, na posho yao haikaribii hata kidogo mshahara wa diwani. Wamebaki wamechaguliwa na watu, lakini mfuko umeshikwa na mwingine.

Mipaka ya mdhamini haijitegemei. Kwa kanuni za Ontario, eneo la mdhamini huundwa kwa kuunganisha kata za jiji, kwa hiyo anayezigusa kata huwa amewagusa wadhamini hata kama hakuwataja. Chini ya kata 47, viti 22 vya bodi kubwa vilikuwa vimegawanywa kwa kuunganisha kata ndogondogo. Sheria ya Agosti ilipoleta kata 25, viti vilibaki 22, na bodi zikalazimika kupanga upya kwa haraka, wagombea wakiwa wameshachukua fomu. Hesabu iliyotoka ni kwamba kata 19 zilipata mdhamini mmoja kila moja, na kata sita zilizobaki zikaunganishwa mbilimbili chini ya wadhamini watatu: Eglinton–Lawrence pamoja na Toronto–St. Paul's, Davenport pamoja na Spadina–Fort York, University–Rosedale pamoja na Toronto Centre. Mdhamini wa mojawapo ya jozi hizo ana eneo lenye wakazi zaidi ya 200,000, maradufu ya eneo la diwani ambaye ana ofisi kamili, wasaidizi na mshahara. Serikali iliyosema kwamba inataka wawakilishi wachache wenye nguvu zaidi iliwaacha hawa wakiwa wachache na wanyonge vilevile, na sikumbuki mjadala wowote wa bungeni uliokaa juu ya jambo hili kwa uzito lililostahili.

Jiji, pamoja na baadhi ya wagombea na wapiga kura, lilikwenda mahakamani. Tarehe 10 Septemba Jaji Edward Belobaba wa Mahakama Kuu ya Ontario alitamka kwamba vifungu vya sheria hiyo vinavyohusu kata za Toronto ni batili. Alitoa sababu mbili. Ya kwanza, kubadili kata katikati ya kampeni kulivunja uhuru wa kujieleza wa wagombea, uhuru unaolindwa na kifungu cha 2(b) cha Hati ya Haki na Uhuru, ambayo ni sehemu ya katiba ya Kanada, kwa kuwa mgombea aliyekwisha kuzungumza na watu wa kata fulani aliambiwa kwamba mazungumzo hayo hayana kata tena. Ya pili, kupandisha wastani wa wakazi wa kata kutoka 61,000 hadi 111,000 kulivunja haki ya mpiga kura ya kuwakilishwa kwa namna yenye maana. Sababu ya kwanza ilikuwa na uzito wa hali halisi. Ya pili, kwa maoni yangu, ilikuwa dhaifu, kwa sababu ilichukua haki ambayo Hati inaitaja kwa uchaguzi wa wabunge na kujaribu kuipitisha kwa mlango wa uhuru wa kujieleza.

Alasiri hiyohiyo Ford alitangaza kuwa atatumia kifungu cha 33 cha Hati, kinachoruhusu bunge kupitisha sheria itakayofanya kazi hadi miaka mitano bila kujali baadhi ya haki zilizotajwa ndani ya Hati. Serikali ya Ontario ilikuwa haijawahi kukitumia. Muswada mpya wenye namba 31 ulisomwa tarehe 12 Septemba huku baadhi ya watu waliokaa kwenye roshani ya wageni wakitolewa kwa pingu na wabunge wa upinzani wakitolewa ukumbini. Kisha bunge likaitwa kuketi dakika moja baada ya saa sita usiku, kuamkia Jumatatu ya tarehe 17. Wakati huo wote ofisi ya karani wa jiji, ambaye ndiye msimamizi wa uchaguzi kisheria, ilikuwa ikiandaa chaguzi mbili sambamba, moja ya kata 47 na nyingine ya kata 25, na karani Ulli Watkiss alilionya baraza kwamba muda wa kuendesha uchaguzi wa haki unakaribia kwisha kwa mpangilio wowote ule. Mtu asidharau sehemu hii ya kisa. Karatasi za kura zinachapwa kwa kata na kwa mfumo wa shule, mashine za kuhesabia zinapimwa kwa kila aina ya karatasi, daftari la wapiga kura linapangwa kwa mtaa, na upigaji kura wa mapema ulikuwa uanze tarehe 10 Oktoba.

Muswada wa 31 haukuhitajika. Tarehe 19 Septemba majaji watatu wa Mahakama ya Rufani ya Ontario walisitisha utekelezaji wa hukumu ya Belobaba, wakisema kuna uwezekano mkubwa kwamba ilikosea kisheria, na kwamba swali lililo mbele ya mahakama ni kama sheria inapingana na katiba, si kama ina haki au haina. Kata 25 zikarudi. Wagombea wakapewa siku mbili zaidi, hadi Ijumaa ya tarehe 21, kuamua wanagombea wapi. Ukihesabu kutoka hapo hadi siku ya kupiga kura utapata mwezi mmoja na siku moja.

Siku hiyo Tory alirudi madarakani kwa asilimia 63.5 ya kura, na Jennifer Keesmaat, aliyekuwa mkuu wa mipango miji wa jiji na aliyerudisha fomu saa za mwisho za ile Ijumaa ya Julai, akapata takriban asilimia 24. Waliojitokeza walikuwa kama asilimia 41 ya wapiga kura, ilhali mwaka 2014 walikaribia asilimia 55. Wapo walioharakisha kuitupia sheria ya Agosti lawama ya pengo hilo lote. Sikubaliani nao: mwaka 2014 kinyang'anyiro cha umeya kilikuwa wazi na chenye joto, na cha 2018 kilionekana kimekwisha mapema. Kinachoweza kusemwa kwa uhakika zaidi ni kilichotokea katika kata. Madiwani waliokuwa majirani walijikuta wakigombea kiti kimoja: Josh Matlow na Joe Mihevc huko Toronto–St. Paul's, Anthony Perruzza na Giorgio Mammoliti huko Humber River–Black Creek, Frances Nunziata na Frank Di Giorgio huko York South–Weston. Huko Etobicoke North, sheria ya Ford ilimkutanisha mpwa wake mwenyewe, Michael Ford, na Vincent Crisanti, diwani ambaye siasa zake hazikuwa mbali na za ukoo huo. Michael, ambaye safari yake ilianza kwa kuwa mdhamini wa shule mwaka 2014, ndiye aliyeshinda. Katika kata 25 ambamo baadhi ya washindani ni madiwani wenye majina yanayojulikana, mgombea mgeni asiye na chama cha kumbeba, kwa kuwa uchaguzi wa miji ya Ontario hauna vyama, hubanwa kwa urahisi sana. Baraza jipya nalo halikukawia kuongeza bajeti ya wasaidizi wa madiwani, jambo ambalo lilitarajiwa na kila aliyejua kwamba simu za wakazi hazipungui kwa kuwa wapokeaji wamepungua.

Kesi iliendelea baada ya uchaguzi. Mahakama ya Rufani ililipa jimbo ushindi Septemba 2019 kwa majaji watatu dhidi ya wawili, na tarehe 1 Oktoba 2021 Mahakama ya Juu ya Kanada ikafanya hivyohivyo kwa watano dhidi ya wanne. Jaji Mkuu Richard Wagner na Jaji Russell Brown, wakiandika kwa niaba ya walio wengi, walisema kwamba siku 69 zilitosha wagombea kujieleza, tena ni nyingi kuliko kampeni nyingi za shirikisho na za majimbo. Kwamba kifungu cha 3 cha Hati, kinacholinda haki ya kupiga kura, kinahusu Bunge la shirikisho na mabunge ya majimbo peke yake. Na kwamba kanuni za kikatiba zisizoandikwa, demokrasia ikiwemo, haziwezi kutumiwa kufuta sheria. Miji, kwa katiba ya 1867, ni mali ya jimbo. Jaji Rosalie Abella, kwa niaba ya wachache, alijibu kwamba tatizo halikuwa wingi wa siku bali kuvuruga uchaguzi uliokwisha kuanza. Nadhani walio wengi walikuwa sahihi zaidi katika kusoma katiba, na Abella alikuwa sahihi zaidi katika kusoma kilichotokea. Zile siku 69, kwa mfano, zinahesabika kikamilifu kwenye kalenda tu. Kati ya hukumu ya tarehe 10 na amri ya tarehe 19 Septemba hakuna mgombea aliyejua kata yake ni ipi.

Pengo hilo la kikatiba linaonekana vizuri ukiiweka Kanada kando ya Kenya. Katiba ya Kenya ya 2010, katika ibara ya 89, inaipa tume huru kazi ya kupitia mipaka ya majimbo ya uchaguzi na kusema wazi kwamba mapitio yakikamilika ndani ya miezi kumi na miwili kabla ya uchaguzi mkuu, mipaka mipya haitatumika katika uchaguzi huo. Kinga ya namna hiyo, kama ingekuwepo Ontario hata katika sheria ya kawaida, isingemzuia Ford kupunguza madiwani. Ingemlazimu kungoja hadi 2022, na kutetea uamuzi wake mbele ya wagombea na wapiga kura ambao wangekuwa na muda wa kuujibu.

Wadhamini wa shule, ambao mwaka 2018 waliguswa kwa bahati mbaya, walikuja kuguswa kwa makusudi. Tarehe 27 Juni 2025 Waziri wa Elimu wa Ontario, Paul Calandra, alizikabidhi bodi nne, zikiwemo zote mbili za Kiingereza za Toronto, kwa wasimamizi walioteuliwa na serikali, kwa sababu ya hali ya fedha zao. Wadhamini waliochaguliwa 2022 wakabaki na vyeo visivyo na kura. Mwenyekiti wa bodi kubwa wakati huo alikuwa Neethan Shan. Huyu alikuwa mdhamini kabla ya kuingia barazani kwa uchaguzi mdogo wa 2017, na kata yake ilikuwa miongoni mwa zile zilizomezwa na sheria ya Agosti 2018. Aligombea katika kata mpya ya Scarborough–Rouge Park na kushindwa na Jennifer McKelvie kwa kura 154, kisha akarudi kwenye elimu. McKelvie alipochaguliwa kuwa mbunge wa shirikisho mwaka 2025 kiti kilibaki wazi, na Septemba ya mwaka huo, miezi mitatu baada ya bodi yake kunyang'anywa mamlaka, Shan alikigombea tena na kukipata. Kwenye orodha ya jiji kata hiyo ni namba 25, ya mwisho kati ya zile zilizopatikana mwaka 2018.